Naweza kuiamini Biblia bila kuikataa sayansi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa na vijana kwenye mafunzo ya Biblia miaka mingi sasa na haya ndo maswali yanayorudi kila mwaka. Mengine yanaulizwa mbele ya watu, mengine kijana anasubiri wenzake watoke kwanza afu anakuja kuuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama dhambi. Hiyo sauti ya chini ndo imenifanya niandike. Kuuliza si dhambi. Najibu kama Mkristo, naamini Biblia ni neno la Mungu na naamini Yesu alifufuka kweli, kwa hiyo sitajifanya sina upande.

Kwani lazima nichague, ama Biblia ama sayansi?

Hapana, na anayekulazimisha uchague anakubebesha mzigo ambao Maandiko hayajakubebesha. Fungua Zaburi ya 19. Inaanza na mbingu, "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu", jua linatoka kama bwana arusi, afu ghafla mstari wa 7 inageukia sheria ya BWANA, ni kamilifu, huiburudisha nafsi. Zaburi moja, nusu inaangalia juu angani na nusu inaangalia kwenye kitabu, na Daudi haoni shida yoyote kuziweka pamoja. Wakristo wa zamani walikuwa wanasema Mungu ameandika vitabu viwili, Maandiko na uumbaji. Sasa kama mwandishi ni mmoja basi vikionekana kugongana, kuna kimoja tumekisoma vibaya. Wakati mwingine ni wanasayansi wamekosea na wanajirekebisha, wakati mwingine ni sisi tumesoma Biblia vibaya, na hilo la pili ndo huwa tunaona taabu kulikubali.

Mwanzo 1 inasema siku sita. Dunia ina miaka elfu sita au mabilioni?

Dunia ina miaka kama bilioni 4.5, ulimwengu mzima kama bilioni 13.8. Ile elfu sita hutaikuta imeandikwa popote kwenye Biblia, tafuta kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo. Ilitokana na watu kujumlisha umri wa mababu kwenye orodha za vizazi, na anayejulikana zaidi ni askofu mmoja wa Ireland, James Ussher, ambaye mwaka 1650 alichapisha hesabu yake kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 KK. Alikuwa msomi makini kwa zama zake ila ile ni hesabu yake, sio aya.

Afu soma sura yenyewe taratibu. Mimi huwa naisoma kwa sauti na vijana halafu nachora safu mbili ubaoni. Mstari wa 2 unasema nchi ilikuwa "ukiwa, tena utupu". Haya, siku ya 1 nuru inatengwa na giza, siku ya 2 anga linatenganisha maji, siku ya 3 nchi kavu inatokea. Hiyo safu ya kwanza, ukiwa umepata umbo. Safu ya pili, siku ya 4 jua na mwezi na nyota, siku ya 5 samaki na ndege, siku ya 6 wanyama na mtu. Utupu umejazwa. Ukiziweka safu ubavu kwa ubavu siku ya 1 inatazamana na ya 4, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 6, na hapo kawaida darasa linanyamaza kidogo manake wengi wameisoma sura hii tangu utotoni na hawajawahi kuona. Hii ni sura iliyojengwa kama nyumba. Inatuambia nani kaumba, kwamba kila kitu ni chema, kwamba jua na mwezi ambavyo mataifa ya jirani waliviabudu ni taa tu zilizotundikwa na Mungu.

Na jua linaumbwa siku ya nne, sasa zile jioni na asubuhi tatu za mwanzo zilikuwa za namna gani? Siku ya saba nayo haina maneno "ikawa jioni ikawa asubuhi" kabisa. Na Mwanzo 2:4 inatumia neno lilelile "siku" kwa uumbaji wote. Agostino wa Hippo aliyeishi mwaka 354 mpaka 430 aliyaona haya yote, akasema hizi haziwezi kuwa siku za kawaida kama zetu, na yeye aliandika zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin, yule mwanasayansi aliyeeleza mageuko, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi, kwa hiyo mtu asikwambie kwamba tumeanza kuisoma hivi juzi kwa kuwaogopa wanasayansi.

Kuna ndugu zetu wengi wapendwa wanaoshikilia siku sita za saa 24. Ni ndugu zangu, tunashiriki meza moja. Nadhani wamekosea, ila sitasema hawajaokoka, na naomba na wao wasiseme hivyo juu yangu.

Hiyo miaka mabilioni si wanakisia tu kwa kutumia kaboni?

Hili nalisikia sana madhabahuni na limekosewa toka mwanzo. Kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua yenyewe polepole, haipimi umri wa dunia, haiwezi. Kila baada ya miaka 5,730 hivi nusu yake inakuwa imeondoka, kwa hiyo ukivuka kama miaka 50,000 hakuna kilichobaki cha maana cha kupima. Inatumika kwenye mifupa, mbao, mkaa, vitambaa vya kale. Ukimsikia mhubiri anasema kaboni imeshindwa kupima mawe ya dainosa ujue anailaumu mizani ya dhahabu kwa kushindwa kupima lori.

Mawe yanapimwa kwa madini mengine, mfano urani ambayo inageuka polepole sana kuwa risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki), nusu yake inachukua kama miaka bilioni 4.5. Kuna punje ndogo inaitwa zirikoni, unaweza kuhitaji hadubini kuiona vizuri. Zirikoni inapoganda kutoka kwenye uji wa moto wa mwamba inaipokea urani ndani yake ila risasi inaikataa, haiingii. Kwa hiyo miaka mingi baadaye ukiipasua ukakuta risasi mle ndani, unajua imetoka kwa urani iliyogeuka, na ukipima vyote viwili unapata umri. Na kuna saa nyingine za asili zisizohusiana na hii, zenye madini mengine kabisa, na zinakubaliana.

Lakini kilichonibadilisha mimi sio mawe, ni nyota. Februari 1987 watu waliona nyota ikilipuka angani, iko mbali kiasi cha miaka ya nuru kama 168,000, yaani mwanga wake umesafiri miaka yote hiyo ndo ukatufikia. Sasa kama ulimwengu una miaka elfu sita, ule mwanga ungekuwa bado uko njiani. Mtu atasema labda Mungu aliuumba mwanga ukiwa tayari uko njiani. Sawa, fikiria maana yake. Maana yake ile nyota haikuwahi kulipuka, pengine haikuwahi kuwepo, na Mungu alituchorea angani picha ya tukio ambalo halikutokea. Tito 1:2 inasema Mungu hawezi kusema uongo. Nilikaa na hiyo aya usiku mzima. Kuukubali umri wa ulimwengu, kwangu mimi, kulianza na kumwamini Mungu kuwa mkweli.

Kwa hiyo tumetoka kwa nyani?

Sayansi haisemi tumetoka kwa nyani wanaoishi leo. Inasema sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja, zamani sana, mamilioni ya miaka, kama wewe na binamu yako mlivyo na babu mmoja bila mmoja wenu kuwa mzazi wa mwenzake.

Ushahidi ni mwingi, nitoe miwili tu ninayoielewa vizuri. Binadamu ana kromosomu 46, yaani vile vifurushi vya urithi ndani ya seli, sokwe ana 48. Ilitakiwa kuwe na maelezo zile mbili zimeenda wapi. Walipoichunguza kromosomu yetu ya pili wakakuta katikati yake kuna zile alama ambazo kawaida zinakaa kwenye ncha tu, kama vile umekuta kamba ina fundo katikati unajua hapa zilikuwa kamba mbili zikaungwa. Na ukilinganisha na sokwe, ile moja yetu inalingana na mbili zake. La pili ni vitamini C. Wanyama wengi wanaitengeneza wenyewe mwilini, sisi hatuwezi, ila jeni (maelekezo ya urithi) ya kuitengenezea tunayo, imeharibika tu. Sokwe naye anayo na imeharibika pia. Mwalimu akikuta wanafunzi wawili wameandika kosa lilelile mahali palepale anajua wameangalizia sehemu moja.

Na mageuko mengine yanatokea tunaona, bakteria wanaozoea antibayotiki ni mageuko hayohayo, ndo maana daktari anakwambia maliza dozi yote ya dawa.

Sasa imani iko wapi hapo? Zaburi 139 inasema Mungu aliniunga tumboni mwa mama yangu. Tunaiamini, tunaiimba. Na wakati huohuo tunajua mimba inavyokua, yai, mbegu, seli zinagawanyika, wiki kwa wiki mpaka miezi tisa, na sijawahi kumsikia Mkristo akisema wakunga wamemkana Mungu kwa kujua hayo. Mungu kukuumba kupitia njia ndefu ya asili hakumfanyi asiwe ndiye aliyekuumba. Hata Mwanzo 1 yenyewe ina maneno "Nchi na itoe", Mungu anaiamuru nchi ifanye kazi. Na wanaosema mageuko yana bahati nasibu ndani yake kwa hiyo Mungu hayupo, waambie wasome Mithali 16:33, kura inatupwa lakini uamuzi ni wa BWANA. Kwa mtu wa Biblia kura haijawahi kuwa nje ya mkono wa Mungu.

Na usidhani hii ni ya watu wasioamini tu. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo wa Kipresbiteri, alikuwa mtetezi wa Darwin enzi za Darwin mwenyewe. Francis Collins aliyeongoza mradi wa kusoma jeni zote za binadamu, uliokamilika mwaka 2003, ni Mkristo wa kiinjili na anasema hivyo hadharani. Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 alisema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Na sheria za kurithi ambazo Darwin alizikosa ziligunduliwa na mtawa, Gregor Mendel, kwenye bustani ya monasteri, akihesabu njegere mmoja mmoja, kazi akaichapisha mwaka 1866 na karibu hakuna aliyeitilia maanani mpaka mwaka 1900, yeye alishafariki.

Na Adamu na Hawa je?

Hili ndo gumu kuliko yote na sitalipunguza ugumu. Jeni zinaonyesha mababu wa binadamu hawakuwahi kupungua mpaka wakawa wawili tu, walikuwa maelfu. Wakristo wanaoukubali huo ushahidi wamegawanyika. Wapo wanaosema Adamu na Hawa walikuwa watu halisi ambao Mungu aliwachagua katikati ya watu wengine waliokuwepo, Adamu awe wakili wa wote. Wapo wanaosema Adamu ni picha ya kila mtu, na Kiebrania kinasaidia hapo kwa sababu adamu maana yake mtu, na adama ni ardhi.

Mimi nasimama na wale wa kwanza, kwa sababu ya Warumi 5, Paulo anamweka Adamu na Kristo kwenye mizani moja na sioni namna ya kuiruka hoja yake. Na Mwanzo 4 yenyewe inanipa nafasi, Kaini anaogopa kwamba yeyote atakayemwona atamwua, anapata mke, anajenga mji. Mji wa nani? Ila sitagombana na ndugu wa upande wa pili. Kwamba binadamu ameanguka hilo halihitaji maabara, jiangalie moyo wako kwa siku moja tu.

Gharika ya Nuhu ilifunika dunia nzima?

Tabaka za miamba hazionyeshi gharika moja iliyofunika sayari yote. Adam Sedgwick, padri wa Kianglikana na mwanajiolojia, alikuwa anafundisha kwamba mchanga na kokoto zilizotapakaa juu ya ardhi ni za gharika, afu mwaka 1831 akasimama mbele ya wanajiolojia wenzake akasema nilikosea, naiondoa kauli yangu. Hakuacha upadri wake. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "nchi" linaweza kuwa dunia yote au eneo tu. Mimi naichukua kama gharika halisi ya eneo lililokuwa ulimwengu wote kwa waliokuwemo.

Si kanisa ndo lilimfunga Galileo? Hiyo inaonyesha haziendi pamoja.

Lilimhukumu ndiyo, mwaka 1633, kwa kufundisha kwamba dunia inalizunguka jua, akakaa kizuizini nyumbani mpaka akafa mwaka 1642. Ilikuwa dhuluma, na Papa Yohane Paulo II alikiri kosa la wale waamuzi mwaka 1992, miaka 350 na kitu baadaye. Sina cha kutetea hapo. Ila angalia pia kwamba Galileo mwenyewe alikuwa Mkatoliki na alikufa Mkatoliki, na Copernicus, ambaye kitabu chake cha mwaka 1543 ndo kililiweka jua katikati, alikuwa mtumishi wa kanisa kuu. Galileo aliandika mwaka 1615, akimnukuu kardinali mmoja, kwamba Roho Mtakatifu anakusudia kutufundisha namna ya kwenda mbinguni, sio namna mbingu zinavyokwenda.

Na aya zilizotumika dhidi yake ni zilezile tunazozisoma leo kwa amani. Zaburi 104:5, nchi imewekwa juu ya misingi yake isitikisike milele. Yoshua 10, jua lilisimama. Mhubiri 1:5, jua lachomoza na kuzama. Leo unaisoma Zaburi 104 asubuhi unabarikiwa na hata hujiulizi habari ya dunia kuzunguka, manake umeshaelewa mshairi anaongea kwa namna jicho linavyoona. Lakini kipindi kile waliona ukikubali dunia inazunguka basi Biblia yote imeanguka. Haikuanguka.

Ile nadharia ya Mlipuko Mkubwa si njama ya kumtoa Mungu?

Aliyeianzisha ni padri. Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema basi ulianza kutoka kitu kimoja kidogo sana. Baadhi ya wanasayansi hawakuipenda kwa sababu ilikuwa na harufu ya Mwanzo 1. Mwaka 1951 Papa Pius XII akaongea kama vile sayansi sasa imethibitisha uumbaji, na Lemaître hakufurahia, hakutaka imani iegemezwe kwenye nadharia ambayo inaweza kubadilika kesho. Nampenda sana huyu mzee kwa hilo. Ukimweka Mungu pale tu ambapo sayansi haijafika, kila sayansi ikisogea unalazimika kumhamisha. Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alidhani Mungu anahitajika kurekebisha njia za sayari mara kwa mara, wataalamu wa hesabu waliofuata wakaonyesha haihitajiki. Mungu ni Mungu wa vile tunavyovielewa pia.

Lakini si Biblia ilitabiri sayansi? Isaya 40 inasema dunia ni duara.

Naomba tuache hili jambo. Isaya anaongelea ukuu wa Mungu aketiye juu ya duara ya dunia, hakuwa anafundisha jiografia, na ukitumia aya hiyo kama ushahidi wa kisayansi lazima ukubali na nyingine zisomwe hivyohivyo. Yesu alisema punje ya haradali ni ndogo kuliko mbegu zote. Mbegu za okidi ni ndogo zaidi, ni kama vumbi. Je Yesu alidanganya? Hapana, alikuwa anaongea na wakulima kwa mbegu wanayoijua, ujumbe ulikuwa ufalme wa Mungu, na kila aliyekuwa pale alielewa.

Kama unakubali sayansi, miujiza unaamini vipi?

Sayansi inachunguza yanayojirudia. Muujiza haujirudii, ndo maana unaitwa muujiza. Watu wa zamani hawakuwa wajinga, Yusufu alijua kabisa mimba inapatikanaje ndo maana alitaka kumwacha Mariamu kwa siri. Tomaso alijua maiti hazifufuki, akadai kuona alama za misumari. Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anataja ndugu zaidi ya mia tano waliomwona Yesu na anasema wengi wao bado wako hai, yaani nendeni mkawaulize. Ufufuo unasimama kwa ushuhuda, na imani yangu yote iko pale. Haiko kwenye umri wa mawe.

Kutumia dawa ni kukosa imani?

Hapana, hapana, hapana. Shangazi yangu alikuwa na kisukari, mhubiri mmoja akamwambia ameshapona kwa jina la Yesu, aache sindano za insulini kama kweli anaamini. Aliacha. Nilimkuta siku ya nne anahema haraka haraka, mdomo umekauka, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva sana, tukambeba kwenda hospitali. Alipona kwa dripu na insulini na maombi yetu yote pale nje ya mlango, na sijawahi kuvitenganisha.

2 Wafalme 20, Mungu anamwambia Hezekia "nitakuponya", ahadi kutoka kinywani mwa Mungu mwenyewe, na mistari miwili tu mbele Isaya anasema leteni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu akapona. Nabii aliyebeba ahadi ndo huyohuyo aliyeagiza dawa. Luka alikuwa tabibu na Paulo anamwita mpendwa. Kama unatumia dawa za presha, sukari, kifafa, ARV, usiache kwa neno la mtu yeyote madhabahuni, na kama kweli umepona vipimo vya daktari vitaonyesha, Mungu haogopi vipimo.

Mwanangu anasoma biolojia na kanisani anaambiwa ni uongo. Nimwambie nini?

Kwanza usimkemee. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma kabla sijayasoma haya kijana mmoja aliniuliza habari za dainosa nikamjibu kwa ukali mbele ya wenzake, nikamwambia achague anamwamini nani. Alifunga Biblia yake taratibu akaiweka kwenye kiti akatoka, hakurudi. Alikuwa na miaka 15 na nilimlazimisha achague kitu ambacho Mungu hakumwambia achague.

Mwambie mtoto ajibu mtihani kama alivyofundishwa, kuandika maelezo ya mageuko kwenye karatasi sio kumkana Kristo. Soma naye Mwanzo 1 na zile safu mbili. Akiuliza usilolijua mwambie silijui, tulitafute wote, afu kweli mlitafute.

Yule kijana nilimtafuta, nikampata akiwa mtu mzima mwenye watoto, nikamwomba msamaha. Tumeanza kusoma Mwanzo upya mimi na yeye kwa simu, kila Alhamisi usiku. Wiki iliyopita tulifika sura ya 4, akaniuliza mke wa Kaini alitoka wapi.